Kuponya na Kufuta

Neno kupona ni jepesi kinywani, lakini lina uzito katika mizani ya fikira. Mgonjwa akiinuka kitandani twasema amepona. Jeraha likifunga twasema limepona. Hata saa iliyosimama ikianza kwenda tena, wako watu husema kwa mzaha kwamba imepona. Katika kila usemi huu twachukulia, bila ya kuuliza, kuwa kilichorudi ni kile kile kilichokwenda. Aghalabu dhana hiyo ni kweli. Lakini ziko nyakati ambapo kitu huinuka kikiwa na sura yake, uzito wake na jina lake, ilhali kilichokuwa bora ndani yake hakikurudi pamoja nacho. Je, kitu hicho kimepona? Na yule aliyekiinua ametenda wema au ametia hasara? Hili ndilo swali la insha hii. Sikulipata kwanza katika vitabu vya falsafa. Nililipata katika duka la fundi, juu ya chombo kidogo cha kusomea vitabu.

Chombo cha kusomea ni kibamba chembamba cha umeme ambacho huchukua ndani yake vitabu kwa mamia. Kioo chake si kama kioo cha simu. Chini ya uso wake mna vifuko vidogo mno, upana wa kila kimoja ukikaribia unene wa unywele, na katika kila kifuko mna chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukipita, chembe za rangi moja hupanda juu na za rangi ya pili huzama, na kwa njia hiyo herufi huandikika. Zikisha kukaa mahali pake, chembe hizo hazihitaji umeme tena ili zibakie. Ukurasa huweza kukaa usoni mwa kioo kwa siku nyingi bila ya nguvu yoyote. Namwomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana lina udanganyifu wake.

Chombo ninachokisimulia kilikuwa cha mjomba wangu. Mjomba alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka zaidi ya thelathini. Uzeeni macho yake yalififia, na vitabu vya karatasi vikamkataa. Mwanawe alimletea chombo hiki, nacho kilimpa neema ambayo karatasi haina: herufi aliweza kuzikuza kadiri alivyopenda. Alikitumia kwa miaka sita. Tabia yake ilikuwa kubishana na kila kitabu. Pambizoni mwa vitabu vyake vya zamani aliandika kwa kalamu nyekundu, kama alivyosahihisha madaftari ya wanafunzi. Na katika chombo aliandika kwa kidole, polepole, herufi moja baada ya nyingine. Alipofariki, mkaza mjomba alikiweka chombo kile juu ya kabati. Kila mwezi alikitia umeme. Jioni nyingine alikifungua akasoma, si vitabu hasa, bali maneno ya mumewe.

Jioni moja aligusa kioo ili afungue ukurasa wa pili, na ukurasa haukufunguka. Aligusa tena. Alikiacha kwenye chaja usiku kucha. Asubuhi ukurasa ulikuwa pale pale, herufi zake safi, halikupungua hata neno moja. Kwa siku kumi na moja alidhani kuwa chombo ni kizima ila kimekaidi. Huu ndio udanganyifu niliousema. Taa ikizimika huacha giza, na kila mtu hujua kwamba imezimika. Chombo hiki hufa na ukurasa wake usoni, na jicho peke yake haliwezi kujua kama kingali kinafanya kazi au kimekwisha koma. Desturi za watu nazo hufika mahali kama hapa. Huonekana zimeandikwa kwa wino mweusi usoni mwa jamii, na kumbe nguvu iliyoziandika ilikwisha ondoka zamani.

Tulikipeleka kwa fundi, mimi na mkaza mjomba. Fundi alikuwa kijana mpole, mwenye kusikiliza kabla ya kushika bisibisi. Alibonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda wa sekunde arubaini. Kioo kilipepesa, ukurasa ukatoweka, na mahali pake ikatokea alama ya kiwanda, isiondoke. Mkaza mjomba alishika kifua, kwa kuwa sasa hata ule ukurasa wa mwisho aliokuwa akiutazama haukuwapo. Fundi alitueleza ugonjwa. Kila chombo cha namna hii kina maagizo ya msingi yaliyotiwa kiwandani, ambayo kwayo kioo hujua kuwa ni kioo na kitufe hujua kuwa ni kitufe. Mwaka 1967 Mmarekani Ascher Opler aliyatungia maagizo ya jinsi hii jina katika lugha ya Kiingereza, kwa maana ya kitu kilicho kati ya mashine ngumu isiyobadilika na programu laini ibadilikayo kwa wepesi. Sisi twayaita programu dhibiti. Maagizo hayo yameandikwa katika hifadhi, na kila kilichoandikwa huweza kuharibika: betri ikiisha katikati ya kuandika, programu mpya ikikatizwa kabla ya kutimia, au hifadhi yenyewe ikichakaa. Chombo kikiamka husoma maagizo yake kwa taratibu. Kikifika penye agizo lililoharibika husimama hapo, kama msafiri aliyekuta daraja limevunjika.

"Kazi hii ni ya dakika kumi, Mwalimu," fundi aliniambia. "Ndani yake mna nakala ya programu ya kwanza. Nitakiamuru kiichukue, kijiandike upya, na kitarudi kama kilivyotoka dukani."

Mimi nilifurahi. Mkaza mjomba hakufurahi. Aliuliza, "Mwanangu, na maneno ya marehemu?"

"Hayo hayatarudi, mama. Kitarudi kitupu."

"Basi nieleze," alisema. "Mimi sikuolewa na duka. Kikirudi kama kilivyotoka dukani, kitakuwa cha mume wangu au kitakuwa cha duka?"

Fundi hakujibu, nami niliyesomea vitabu vingi sikujibu. Swali lile lilitolewa na mwanamke ambaye hakupata kusoma falsafa, na hata hivyo lilikwenda moja kwa moja mahali ambapo wanafalsafa hufika kwa njia ndefu.

Plutarch wa Uyunani aliandika juu ya merikebu ya Theseus, ambayo watu wa Athens waliihifadhi kwa karne nyingi. Kila ubao uliooza waliutoa wakatia mpya, mpaka wenye hekima wakabishana: hawa wakisema merikebu ni ile ile, na hawa wakisema siyo. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes aliutia mjadala ule chumvi. Aliuliza, kama mtu angalizikusanya mbao zote zilizotolewa akaziunga upya, ni ipi kati ya merikebu mbili ingalikuwa ya Theseus? Mfano huu ni mzuri, lakini haukufaa sana katika duka la fundi. Katika merikebu mbao zote zilibadilika na umbo likabaki. Katika chombo cha mjomba hapana ubao uliokuwa ubadilike. Kioo ni kile, betri ni ile, mkwaruzo wa pembeni ni ule ule. Hata maagizo yangekuwa yale yale ya siku ya kwanza. Kama kuwa kile kile ni kuwa na mwili ule ule na sheria ile ile, basi chombo kisingepoteza kitu. Na hata hivyo kila mtu aliyekuwa pale alijua kuwa kitu kingepotea.

John Locke aligusa mahali hapa katika sura aliyoiongeza mwaka 1694 katika kitabu chake juu ya akili ya binadamu. Alisema kwamba nafsi ya mtu haishikwi na mwili wake, bali hushikwa na ufahamu unaoyafikia matendo yake yaliyopita. Kama ufahamu wa mwana wa mfalme ungaliingia katika mwili wa mshona viatu, nafsi iliyomo ingalikuwa ya mwana wa mfalme. Hoja hii hukaribia jibu la mkaza mjomba: kinachokifanya kitu kuwa hiki na si kingine cha jinsi yake ni yale yaliyokipata. Siku ya kutoka kiwandani vyombo elfu huwa sawa. Kila siku ya matumizi huvitenga, hata kimoja kikawa na bei ya soko na cha pili kikawa hakiuziki kwa bei yoyote.

Lakini hoja ya Locke yataka kutumiwa kwa hadhari. Mtu asije akasema kuwa mzee aliyepotewa na kumbukumbu si mtu yule tena. Mama aliyesahau majina ya wanawe ni mama yao, na haki zake zi kamili. Haki hizo hazikuwekwa katika kumbukumbu zake peke yake. Zimewekwa pia katika kumbukumbu za wanawe, ambao wajibu wao huongezeka pale wake unapopungua. Hapa ndipo mwanadamu anapoachana na chombo. Chombo hakina haki ya kukumbukwa. Mtu aliyeandika ndani yake anayo.

Najua lipo pingamizi. Mwenye akili ya biashara atasema: kitu ni kitu. Vitabu vile vyaweza kupatikana tena. Chombo kipya chaweza kununuliwa. Kulia juu ya kibamba cha umeme ni kuabudu vyombo. Pingamizi hili lina ukweli nusu. Kitabu kilichochapishwa kina ndugu zake wengi duniani, na kimoja kikipotea wengine hukirudisha. Lakini alama ya msomaji haina ndugu. Imeandikwa mara moja, mahali pamoja, na mtu mmoja. Anayelipa kitabu kwa kitabu amelipa mali, hakulipa alama.

Jambo hili lilidhihirika hadharani mwaka 2009. Mwezi wa Julai kampuni ya Amazon ya Marekani ilifuta kutoka mbali vitabu viwili vya George Orwell ambavyo wateja walikuwa wamevinunua na kuvitia katika vyombo vyao, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki ya kuviuza. Kimoja kilikuwa 1984, na cha pili kilikuwa kile ambacho Fortunatus Kawegere alikitia katika Kiswahili mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama. Fedha zilirudishwa. Kwa hesabu ya sokoni hapana aliyedhulumiwa. Lakini mwanafunzi mmoja alishitaki, kwa kuwa alikuwa ameandika maelezo yake ya masomo katika kitabu kile. Na maelezo, ingawa yalisalia, yalikuwa yanaelekea kwenye maneno yasiyokuwapo tena. Mkuu wa kampuni aliomba radhi mwezi ule ule, na baadaye wateja waliahidiwa kurudishiwa vitabu pamoja na maelezo yao. Kuomba radhi kule kulikuwa ushahidi kwamba fedha haikuwa imemaliza deni.

Basi alama za msomaji zitunzwe wapi? Wazee wetu walikwisha lijibu swali hili kabla ya umeme. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalikuwa midomoni mwa watu, na midomo hufungwa mmoja baada ya mwingine. Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya alipokuwa angali hai, akimsaidia W. E. Taylor kuyaandika pamoja na maelezo yake. Na mwaka 1940, miaka mia baada ya kufa kwa mshairi, William Hichens aliyatoa katika kitabu. Hapana kifaa kilichoyaokoa mashairi yale. Yaliokolewa kwa sababu walikuwako watu walioona kuwa ni wajibu wao kuyapokea kwa mmoja na kuyapa mwingine kabla ya wakati kupita. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari bila mtu, nalo pia ni mali iliyo njiani kupotea.

Sasa nirudi dukani. Fundi aliposikia swali la mkaza mjomba aliweka mkono mbali na vitufe. "Kama ni hivyo, mama," alisema, "kazi si ya dakika kumi. Niachieni siku tatu." Alifungua mgongo wa chombo kwa uangalifu akatoa kadi ndogo ya hifadhi, si kubwa kuliko ukucha wa kidole. Kadi ile, alitueleza, imegawanywa vyumba vitatu. Chumba cha kwanza kina programu inayoendesha chombo. Cha pili kina nakala ya programu ya kiwandani, ambayo hungoja siku ya ugonjwa. Cha tatu ni chumba cha msomaji, chenye vitabu vyake na alama zake. Njia ya dakika kumi hujenga upya chumba cha kwanza kutoka katika cha pili, lakini huku ikijenga hufagia cha tatu. Fundi aliiweka kadi katika kompyuta, akanakili kila kilichosomeka katika chumba cha tatu, kisha akanakili tena mahali pa pili. Baada ya hapo ndipo alipoirudisha kadi na kukiamuru chombo kijiandike upya.

Chombo kiliamka. Kiliuliza lugha, kikauliza tarehe, kama mgeni aliyefika mjini leo. Vitabu tulivirudisha kwa muda mfupi. Maelezo ya mjomba yalipatikana 240, lakini hayakukubali kukaa mahali pake. Yalikuja yakiwa orodha ndefu: jina la kitabu, nambari ya ukurasa, na maneno. Tukafungua kurasa zile, na maneno hayakuafikiana na kurasa. Palipoandikwa "Swadakta" palikuwa na habari za mvua. Palipoandikwa "Huyu hajapata kulima" palikuwa na mazungumzo ya mahakamani. Niliona kuwa tumeokoa herufi tukapoteza maana.

Mkaza mjomba alinitazama nikihangaika, kisha akasema, "Yeye hakusoma kwa herufi hizi. Herufi zake zilikuwa kubwa. Mstari mmoja haukuzidi maneno matano." Nilizikuza herufi mpaka mstari ukawa na maneno matano. Chombo kile huhesabu kurasa kwa kadiri ya maneno yanayoenea katika kioo, na kwa hiyo herufi zilipokua kurasa nazo ziliongezeka, na nambari zikaanza kuafikiana. Mvua ikaondoka, na "Swadakta" ikakaa karibu na sentensi iliyostahili kusadikiwa. Kwa jioni nyingi tulikaa pamoja, yeye akisoma orodha na mimi nikiandika upya kila neno mahali pake. Tulinakili yote pia katika daftari la karatasi. Moja tu halikupata mahali. Jina la kitabu chake liliharibika, na maneno yake ni mawili: "Si kweli." Mkaza mjomba alikataa lifutwe. Alisema mumewe hakulisema bure.

Kutokana na kisa hiki nimejifunza mambo matatu, nami nayatoa kwa msomaji ayapime.

La kwanza ni kwamba kuponya na kufuta ni matendo mawili, ingawa mara nyingi hutendwa kwa mkono mmoja na huitwa kwa jina moja. Anayefuta hukiondoa kizuizi pamoja na kilichozuiliwa. Kazi yake ni ya haraka, huonekana safi, na aghalabu husifiwa. Anayeponya huanza kwa kuuliza ni kipi kisichopaswa kuguswa. Hayo ni kweli ya chombo, na ni kweli ya ofisi, ya shule na ya nchi. Mtengenezaji mpya akiingia mahali palipoharibika hupendelea kurudisha kila kitu katika hali ya siku ya kwanza, akachoma majalada ya zamani pamoja na makosa ya zamani. Makosa hurudi, kwa sababu yalikuwa katika watu, majalada hayarudi.

La pili ni kwamba ukweli unaosemwa kabla ya tendo una thamani kuliko majuto yanayofuata. Fundi yule alisema wazi kwamba chombo kitarudi kitupu. Angaliweza kunyamaza, akabonyeza vitufe, akapokea ujira wake na shukrani zetu juu yake. Uaminifu wa fundi haupimwi kwa ustadi wa mkono peke yake. Hupimwa pia kwa kumwambia mwenye mali, kwa lugha aifahamuyo, atakachokipoteza.

La tatu ndilo jibu langu kwa swali la mkaza mjomba, na nimechelewa kulitoa. Chombo kile kilipoamka kikiwa kitupu kilikuwa cha duka. Hakikuwa cha mjomba kwa sababu ya mwili wake, wala kwa sababu ya programu yake mpya. Kilianza kuwa chake tena pale mjane wake alipokumbuka ukubwa wa herufi zake. Habari ile haikuwa katika chumba cha kwanza cha kadi, wala cha pili, wala cha tatu. Ilikuwa kwake yeye, na fundi hodari kuliko wote asingeweza kuinakili. Kwa hiyo sidhani kuwa kitu chaweza kuponywa na mashine peke yake, ikiwa uzima tunaoutaka ni uzima wa kile tulichokipenda ndani yake. Mashine hurudisha nguvu. Kurudisha yaliyopita ni kazi ya walio hai, nayo ni kazi ya taratibu, inayotendwa neno kwa neno, na wanaoijua kazi hiyo huzeeka. Tuwaulize wangalipo.